Mwanao anafunga kila mechi ila hapandishwi? Soma hii

Nimefundisha vijana kwa muda mrefu na nimesimamia majaribio mengi tu, na wazazi huniuliza swali lilelile, kocha mbona mwanangu anafunga kila wiki na hachukuliwi timu ya juu? Ukweli ni kwamba magoli mengi ya chini ya miaka 12 yanafungwa na watoto waliowahi kukua, wana mbio, wana nguvu, wakipigiwa mpira mrefu wanawaacha wenzao basi. Wakifika 15 wenzao nao wameshakua, na hapo ndo unajua nani alijifunza mpira na nani alikuwa anatumia mwili.

Mimi huwa naangalia shingo kwanza. Kuna dogo alikuja majaribio, kiungo, mwembamba, hakufunga wala hakupiga chenga ya kushangiliwa, ila kila mpira ukiwa njiani kumfuata anachungulia bega la kulia, anachungulia la kushoto, ukifika anaupokea kwa mguu wa mbali, ule ulio mbali na mpira unakotoka, na tayari ameshageukia mbele, pasi. Akapoteza mmoja akaufukuza mpaka kwenye boksi lao akamkaba jamaa hadi ukatoka nje, hakumnyooshea mtu mikono. Makocha wote tuliokuwepo tulimwandika. Hiyo ya kuangalia kabla ya kupokea inafundishika jamani, hata ukutani peke yake anaweza kuifanyia mazoezi.

Halafu kuna mwezi wa kuzaliwa, watu hawaujali kabisa. Mashindano mengi yanahesabu umri kuanzia Januari 1, kwahiyo wa Januari na wa Desemba wanacheza kundi moja wakati wamepishana karibu mwaka mzima, ndo maana akademi nyingi zimejaa waliozaliwa mwanzoni mwa mwaka. Wako akiwa wa Novemba na mwili bado, mpe muda. Griezmann, yule mshambuliaji, timu za kwao Ufaransa zilimkataa kwa udogo akaenda kukulia Real Sociedad, Hispania. Vardy, mshambuliaji wa Uingereza, aliachwa na Sheffield Wednesday akiwa kijana wa miaka 16, na 2016 akabeba ubingwa wa Uingereza na Leicester.

Ila msikimbilie kupanda kisa jina la timu. Mtoto anayekaa benchi msimu mzima kwenye timu kubwa anarudi nyuma, nimeona wengi na inaniuma. Bora aombe kufanya mazoezi na wakubwa siku moja moja huku mechi anacheza na rika lake dakika zote. Na mwacheni amuulize kocha wake mwenyewe, kocha nikitaka kupanda nirekebishe nini? Akiambiwa mguu wa kushoto basi afanyie kazi mguu wa kushoto.

Kuhusu mawakala kuweni makini sana. FIFA hairuhusu mchezaji chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine isipokuwa kwa sababu chache maalumu, sasa mtu anayekudai hela eti mtoto wa miaka 14 ameshapata timu nje, tafuta namba ya simu ya klabu wewe mwenyewe uwapigie.

Siku ya majaribio awahi, apashe misuli vizuri, avae viatu alivyozoea, na akiulizwa namba, yaani nafasi yake uwanjani, ataje anayoicheza kweli, asiseme popote. Wewe mzazi kaa mbali na mstari, maana mtoto anayegeuka kukuangalia kila akigusa mpira tunamwona.