Kubadilisha pedi na diski za breki nyumbani: nilivyokosea mara ya kwanza na ninavyofanya sasa

Ndugu yetu anauliza kama mtu asiye fundi anaweza kubadilisha pedi na diski za mbele mwenyewe. Gari lake linalia kila akikanyaga breki na ameambiwa diski zimechimbika. Anaweza. Nimeshaifanya kazi hii mara saba kwenye magari mawili tofauti. Ila nataka nimweleze kwa urefu, kwa sababu mara ya kwanza nilifuata kila hatua iliyoelekezwa, nikafunga pedi mpya na diski mpya, nikakaza kila bolti, na bado kazi ikaharibika.

Siku nilipomaliza, gari lilisimama vizuri bila kelele. Kama miezi mitatu baadaye usukani ukaanza kutetemeka nikikanyaga breki kwenye mwendo mkubwa, na mtetemo ukawa unaongezeka wiki hadi wiki. Nikaamini nimeuziwa diski zilizopinda. Nilipofungua nikakuta kosa ni langu. Uso wa habu, kile chuma kinachozunguka ambacho diski na tairi hufungwa juu yake, ulikuwa na maganda ya kutu ambayo sikuyakwangua. Ganda dogo tu karibu na katikati linatosha kuiinamisha diski, na kadiri unavyokwenda ukingoni ndivyo inavyoyumba zaidi. Diski iliyokaa hivyo inagusana na pedi sehemu ileile kila inapozunguka, hata kama mguu wako hauko kwenye breki. Polepole sehemu hiyo inalika au inapakwa masalia ya pedi, mpaka unene wa diski haulingani tena mzunguko mzima. Tofauti hiyo ya unene ndiyo inayokuja kusikika mikononi na kwenye pedali. Watu husema diski imepinda kwa joto, lakini mara nyingi chanzo ni uchafu ulioachwa chini yake siku ya kuifunga. Kipimo kinachoruhusiwa cha kuyumba kwenye magari mengi hakizidi sehemu ya kumi ya milimita, na ganda la kutu linavuka hapo bila shida.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalomwomba alikubali ni kwamba hii ni kazi ya kusafisha. Kutoa chuma cha zamani na kuweka kipya ni dakika chache. Muda wote uliobaki ni brashi ya waya, kitambaa na subira.

Kabla ya kununua chochote, apime. Kwenye ukingo wa diski au kwenye kitovu chake mara nyingi pameandikwa MIN TH na namba ya milimita. Huo ndio unene wa mwisho, na diski ikifika hapo haifai tena. Asipime pembezoni, kwa sababu pale hubaki tuta ambalo pedi haigusi na litamdanganya. Mifereji midogo peke yake si sababu ya kuitupa diski, lakini ikiwa unaisikia wazi kwa ukucha na unene umekaribia mwisho, abadilishe. Pedi mpya huwa na nyama, yaani ile sehemu inayosugua diski, ya milimita 10 hivi au zaidi. Ikibaki 3 mimi huzitoa. Na habadilishi upande mmoja. Breki za ekseli moja hubadilishwa kulia na kushoto pamoja, la sivyo gari litavuta upande mmoja ukikanyaga.

Usalama sitaurefusha lakini sitaki aupuuze. Sakafu iwe ngumu na tambarare, hendibreki ivutwe, tairi za nyuma ziwekewe vizuizi, nati za tairi zilegezwe gari likiwa bado chini. Jeki ni ya kuinulia tu. Gari likishapanda, likae juu ya stendi imara, na asiingize mwili chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Vumbi la breki asilipulize kwa upepo wala kwa mdomo, kwa kuwa pedi za zamani zaweza kuwa na asbestosi. Alowanishe kwa dawa ya kusafishia breki, kisha afute.

Afanye upande mmoja mpaka mwisho ndipo ahamie wa pili. Hivyo kila akisahau kitu kilikaa vipi, upande ambao haujaguswa unamjibu. Mimi pia hupiga picha kabla ya kuchomoa pedi, hasa kuona kile kibati kinachopiga kelele pedi zikiisha kiko kwenye pedi ipi na kimeelekea wapi.

Kalipa ni kile kibano kinachozibana pedi kwenye diski, na nyingi za magari madogo zina pistoni upande wa ndani tu. Ukikanyaga, pistoni inaisukuma pedi ya ndani, halafu kalipa nzima inateleza juu ya pini mbili na kuivuta pedi ya nje. Pini zikikauka, pedi ya ndani inabeba mzigo wote. Kwenye gari langu la pili nilikuta pedi ya ndani imebaki chuma kitupu wakati ya nje ilikuwa na nusu ya nyama yake. Kwa nje ya rimu kila kitu kilionekana kizima. Kwa hiyo achomoe pini zote mbili, azifute mpaka zing'ae, asafishe na tundu zake, kisha azipake grisi maalumu ya breki, ile ya silikoni au ya sintetiki inayostahimili joto. Grisi ya kawaida ya beringi huvimbisha mpira, na pini inakwama upya. Azikague pia zile kava za mpira. Ikiwa imechanika, maji yataingia na kazi yote itakuwa bure. Pini ikirudi mahali pake isukumike na kuvutika kwa vidole. Mara nyingi pini ya juu na ya chini hazifanani, kwa hiyo asizibadilishane.

Akishatoa kalipa asiiache ining'inie kwenye mpira wa breki, ule unaopitisha mafuta. Aifunge kwa waya kwenye springi. Mpira ule ukivutwa waweza kupasuka kwa ndani bila kuonekana.

Kurudisha pistoni ndani hutumiwa klampu na pedi kuukuu iliyowekwa juu ya pistoni ili ibonyezwe sawasawa. Asukume polepole. Kabla ya hapo afungue kifuniko cha kichupa cha mafuta ya breki na atazame kimo, maana mafuta yatapanda, na yakifurika yatakula rangi ya gari. Yakimwagika, amwagie maji mengi papo hapo. Pistoni ikigoma, au mpira wake ukiwa unavuja, hapo asitumie nguvu, kalipa yenyewe ina ugonjwa. Na kwa siku atakapofika breki za nyuma: pistoni nyingi za nyuma huzungushwa huku zikisukumwa, na gari lenye hendibreki ya umeme huhitaji kwanza kuwekwa kwenye hali ya matengenezo. Ukiilazimisha utavunja mota yake.

Breketi, ile fremu inayoshikilia kalipa na pedi, hushikwa na bolti mbili kubwa kwa nyuma, na hizo huwa zimekaza kweli. Spana ya soketi yenye mpini mrefu ndiyo dawa. Diski nayo ikigoma kutoka, atazame kama ina matundu mawili madogo yenye nyuzi, kwa kawaida ya bolti ya M8. Ukikaza bolti mbili humo kwa zamu, diski inajisukuma yenyewe kutoka kwenye habu. Kama haina, mafuta ya kulegeza kutu na nyundo, ukigonga huku ukiizungusha. Skrubu ndogo inayoshika diski isiguswe na bisibisi ya kawaida kama imeota kutu, kichwa kitalika. Bisibisi ya kugonga kwa nyundo huitoa mara moja.

Sasa habu imebaki wazi, na hapa ndipo nilipokosea. Brashi ya waya kwanza, kisha msasa, kuzunguka kila bolti ya tairi na kwenye ule mdomo wa katikati ambao diski inaukumbatia. Ninapitisha kidole mpaka nisisikie kinundu chochote. Upande mmoja sasa hunichukua kama dakika ishirini kwa hatua hii pekee. Breketi nayo ina sehemu pedi zinapoteleza, na chini ya vibati vyake huota kutu inayobana. Vitolewe, pasuguliwe, viwekwe vipya kama vimekuja na pedi. Pedi iteleze kwa mkono bila kugongwa. Ikihitaji nyundo kuingia, itahitaji nyundo kutoka, na itaichoma diski njia nzima.

Diski mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu. Zisafishwe pande zote mbili kwa dawa ya breki, au maji ya moto na sabuni kisha zikaushwe kabisa. Baada ya hapo asizishike usoni kwa mikono yenye grisi. Akishaiweka diski, akaze nati mbili za tairi kuishikilia, aizungushe aone kama inakwenda bila kuyumba. Ni rahisi kuirudia sasa kuliko baada ya miezi mitatu.

Bolti zikazwe kwa spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha kitabu cha gari lake. Pini za kalipa huhitaji nguvu ndogo sana kuliko bolti za breketi, na anayekaza zote kwa nguvu ya bega ataharibu nyuzi za zile ndogo. Nati za tairi zikazwe kwa kuvukana, si kwa kuzunguka, na ukazaji wa mwisho ufanyike tairi ikiwa imegusa chini.

Kisha jambo ambalo naomba asilisahau kwa namna yoyote: kabla ya kuwasha gari na kulisogeza hata hatua moja, akanyage pedali mara nyingi mpaka iwe ngumu. Pistoni zimerudishwa nyuma, na mkanyago wa kwanza pedali itazama mpaka chini bila breki yoyote. Ikibaki laini hata baada ya hapo, kuna hewa au kuna mahali panavuja, na gari halitoki. Akague tena kimo cha mafuta kwenye kichupa.

Pedi na diski mpya zinahitaji kuzoeana. Mimi hutafuta barabara tupu, nikifika kilomita 60 kwa saa napunguza kwa nguvu ya wastani mpaka 20 bila kusimama kabisa, naongeza tena, mara nane hadi kumi. Halafu naendesha dakika kadhaa bila kugusa breki ili zipoe. Asisimame na mguu umebana breki zikiwa na moto, pedi itaacha alama yake kwenye diski na mtetemo utaanzia hapo. Kama mtengenezaji wa pedi ametoa maelekezo yake kwenye boksi, afuate hayo. Harufu kidogo siku ya kwanza ni kawaida.

Aliuliza pia kama lazima abadilishe mafuta ya breki. Kama hakufungua paipu yoyote, si lazima kwa kazi hii. Lakini mafuta ya breki ya aina za DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 hufyonza unyevu, na watengenezaji wengi hutaka yabadilishwe kila miaka 2. Kiwango cha chini cha kuchemka kwa DOT 4 mpya ni nyuzi 230 za selsiasi. Yakishalowa hushuka hadi 155. Atumie aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, na asichanganye na DOT 5, hiyo ni ya silikoni.

Baada ya kilomita kama 100 akaze nati za tairi tena, kisha aguse rimu zote mbili za mbele kwa tahadhari akitoka safari fupi. Moja ikiwa na moto kuliko mwenzake kwa wazi, kuna pini au pedi iliyobana upande huo, na afungue siku hiyohiyo.