Namba kubwa usiivamie kwa kugawanya

Wadogo zangu mnaoanza PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) na kuja kwenye mazoezi ya Jumamosi pale Nyakato, Mwanza, mkiulizwa kama 4294967297 ni namba tasa, najua mtakachofanya. Mtatoa kikokotoo na kuanza: 3, 7, 11, 13, mpaka daladala za Igoma ziishe barabarani. Kipeuo chake cha pili kinazidi 65536 kwa chembe tu, na chini ya hapo kuna namba tasa 6542. Hamtamaliza.

Zile ndogo hazihitaji kikokotoo. Jumla ya tarakimu ni 59, basi 3 imetoka. Kwa 7, 11 na 13, kumbukeni kwamba 7 × 11 × 13 = 1001. Kateni namba tarakimu tatu tatu kuanzia kulia, kisha mtoe na kujumlisha kwa zamu: 297 − 967 + 294 − 4 = −380. Hiyo 380 haigawanyiki kwa 7, wala 11, wala 13. Zote tatu zimetoka kwa mpigo mmoja.

Sasa wekeni kalamu chini, mjiulize namba hii imejengwaje. Ni 2³² + 1. Fermat, mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17, aliamini kwamba namba za ukoo huu (2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea kwa kuzidisha mara mbili, kisha unaongeza 1) zote ni tasa, na kweli 3, 5, 17, 257 na 65537 ni tasa. Mwaka 1732 Euler, mwanahisabati Mswisi, akaivunja hii inayofuata, tena kwa kanuni ya Fermat mwenyewe!

Tuseme p ni kigawo tasa cha namba yetu. Basi 2³² ukiigawanya kwa p, baki ni sawa na −1; ukiipandisha mraba, 2⁶⁴ inabakiza 1. Kwa hiyo mabaki ya vipeo vya 2 yanajirudia kila baada ya hatua 64, si pungufu. Kanuni ndogo ya Fermat inasema 2 kwa kipeo cha p − 1 nayo inabakiza 1, hivyo 64 lazima iigawanye p − 1. Hapa msipite haraka. Asiyeelewa aulize, maana kazi yote imo humu.

Basi p ni kigawe cha 64 ukiongeza 1. Tasa za namna hiyo zinaanza 193, 257, 449, 577, 641. Ya tano inaingia: 641 × 6700417.

Msiiamini skrini moja kwa moja. Kikokotoo cha dukani cha tarakimu 8 hakiipokei namba hii nzima, na kwa namba ndefu zaidi hata kile cha sayansi kinakadiria na kuficha baki. Zidisheni kurudi nyuma kwa mkono.

Imebaki 6700417: ni tasa au la? Vigawo vyake tasa navyo lazima viwe na umbo lilelile, na kipeuo chake cha pili hakifiki 2589. Orodha ni fupi, njooni nayo Jumamosi.