Maboya yalifunguka, mbona watu walikufa?

Kaka uliyeuliza kuhusu ile helikopta ya wagonjwa ya Japani iliyoanguka baharini: maboya, yaani mifuko ya hewa ya kuielesha, yanazuia isizame, hayazuii isipinduke. Injini na mapanga viko juu, uzito mwingi uko huko, wimbi likiipiga ubavuni inageuka tumbo juu. Ndivyo ilivyokutwa Aprili 2025 baharini karibu na kisiwa cha Iki, ikitoka Tsushima kwenda Fukuoka. Rubani, fundi na muuguzi walipona. Mgonjwa, aliyemsindikiza na daktari wakafariki.

Mgonjwa ndiye ana mtihani hasa. Kafungwa mikanda kwenye machela, ghafla kichwa chini, maji yanajaa. Hata mzima anapapasa kifungo cha mkanda gizani asikione. Na jaketi okozi usilijaze hewa ukiwa bado ndani, litakunyanyua likubane juu ushindwe kupiga mbizi kuufuata mlango.

Halafu tusiwaangalie Wajapani tu. Huku kwetu Kigoma mgonjwa anatoka kijiji cha Kalya kwa boti ziwani Tanganyika kuja hospitali ya Maweni, kalazwa katikati, kafunikwa kanga mbili, jaketi hana! Wanaomsindikiza nao wamekalia yao kama mito.