Kiwanda cha zamani kikigeuka makazi, ulizeni udongo kwanza

Ukiona geti la kiwanda kilichofungwa miaka mingi linapakwa rangi, wapimaji wanaingia na vyombo vyao, na kibao chenye picha ya ghorofa kinasimikwa kando ya barabara, ujue kuna mambo yameshazungumzwa mahali na nyinyi majirani bado hamjaitwa. Mtaitwa, maana sheria inataka muitwe. Kazi iliyopo ni kuhakikisha siku hiyo mnakwenda mkiwa na la kusema.

Nimekuwa kwenye kamati ya wakazi ya mtaa wetu huku Temeke tangu mwekezaji alipokuja kujitambulisha kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa hadi familia za kwanza zilipoanza kuhamia. Kiwanda chenyewe kilikuwa cha vyuma: wanakata, wanachomelea, wanachovya kromu. Kilifungwa kama vingine vingi, kikabaki na walinzi na majani marefu. Leo pana nyumba za kuuza, nyumba za kupangisha, na fremu za biashara ghorofa ya chini. Watu wa mitaa mingine wananipigia simu kuuliza waanzie wapi, ndiyo maana nimeona niandike.

Anzeni na udongo.

Mkutano wa kwanza karibu kila mahali unakwenda hivi: picha kubwa ya mradi imebandikwa ukutani, ina miti, ina watoto wanacheza, na kila anayenyoosha mkono anauliza kuhusu picha hiyo. Ghorofa ngapi? Vijana wetu watapata kazi? Magari yataegeshwa wapi? Ni maswali ya haki na yana siku yake. Ila mchoro hurekebishwa hata mara tano kabla ya kujengwa. Udongo ukishafunikwa kwa zege hakuna atakayerudi kuufukua, na watakaoishi juu yake ni wanenu.

Kiwanda cha vyuma huacha kromiamu, metali inayotumika kuchovya kromu. Cha betri huacha madini ya risasi. Cha nguo huacha mabaki ya rangi na dawa. Vingi vya zamani vina paa la asbesto, madini ya nyuzinyuzi yanayodhuru mapafu, ambalo likiwa zima juu halina shida kubwa. Shida huja siku ya kubomoa, pale vibarua wanapolivunja kwa nyundo bila barakoa na vumbi linavuka ukuta hadi kwenye vyungu vya mama lishe. Kama kulikuwa na transfoma, ulizeni mafuta yake yalikwenda wapi, kwa sababu ya zamani huenda yana kemikali za PCB, zile ambazo Mkataba wa Stockholm wa 2001 unataka ziondolewe duniani.

Anayeona natia chumvi aangalie Owino Uhuru, Mombasa. Pale kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilifanya kazi ukuta kwa ukuta na nyumba za watu kuanzia 2007, na kilipofungwa 2014 sumu haikufungwa nacho. Watoto walikutwa na risasi kwenye damu. Phyllis Omido, mama aliyewahi kufanya kazi humo na ambaye mtoto wake mwenyewe aliugua, ndiye aliyeongoza madai. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya mwaka 2020, na hata baada ya hapo kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, iliyowapa wananchi haki Desemba 2024. Piga hesabu ya miaka. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo akimeza risasi mwili wake hunyonya mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima. Mtoto ndiye anayecheza chini, ndiye anayetia vidole mdomoni.

Sasa, udongo unapimwaje hata majibu yawe na maana? Hapa ndipo mtaa wenyewe una kitu ambacho mtaalamu hana. Mtathmini wa mazingira anakuja na ramani ya kiwanja, anachagua sehemu chache za kuchimba, anaondoka. Sisi tulimwomba atembee na mzee mmoja wa mtaa ambaye alikuwa fundi wa zamu enzi za kiwanda. Nilifuatana nao. Mzee alikwenda moja kwa moja nyuma ya karakana, akagonga chini kwa bakora, akasema, "Hapa palikuwa na tangi la kuchovya. Likijaa, tulikuwa tunafungulia huku." Akaonyesha mfereji ambao sasa umefunikwa na magugu, akaufuata hadi kwenye shimo lililofukiwa kifusi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa kwenye ramani. Mtathmini, na ninampa heshima yake, alifungua daftari akaanza kuchora upya.

Majibu yalipotoka, kona hiyo ndiyo iliyokuwa na kromiamu kupita kiwango, na kwenye mchoro wa mwekezaji ndipo palipopangwa uwanja wa kuchezea watoto.

Kwa hiyo watafuteni wafanyakazi wa zamani kabla hamjatafuta mwanasheria. Kwenye mkutano dai lenu liwe la wazi: sampuli zichukuliwe sehemu walizozitaja hao wazee, kwa kina tofauti, si juu juu tu. Zipimwe kwenye maabara inayotambulika, kama ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Majibu yalinganishwe na Kanuni za Viwango vya Ubora wa Udongo za 2007 na yasomwe kwenu kwa Kiswahili. Visima vya jirani navyo vipimwe, maana Dar es Salaam hii wengi bado tunategemea kisima pale maji ya bomba yanapokata.

Kuna swali moja watu hulisahau: udongo mbaya ukiondolewa, unapelekwa wapi? Mnajua jinsi kifusi kinavyouzwa mjini. Mwenye kiwanja bondeni anatafuta wa kujazia, dereva wa tipa anatafuta pa kumwaga, wanakubaliana njiani. Sumu ya mtaa wenu inakuwa sakafu ya mtu mwingine kabisa. Sisi tuliomba kila gari linalotoka liwe na karatasi yenye namba ya gari na mahali linapokwenda, na vijana wawili wa mtaa wakae getini kuandika. Mwekezaji mwanzoni hakupenda. Baadaye karatasi zilezile zikamlinda yeye alipoulizwa na wakaguzi.

Kuhusu mikutano yenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka wananchi washirikishwe kwenye tathmini ya athari kwa mazingira, na Sheria ya Mipangomiji ya 2007 nayo ina nafasi ya wananchi kusema. Lakini kushirikishwa kunaweza kuwa mkutano wa saa nne asubuhi siku ya kazi, wanaohudhuria ni wazee wachache na wapambe wa mradi. Ombeni Jumapili alasiri, au siku mbili tofauti. Halafu msitegemee mkutano mmoja mkubwa. Kwetu kina mama walikaa nyuma kimya, wakasema yao yote wakati wa kutoka, kwenye foleni ya maji. Tukaomba wakutane peke yao, na huko ndiko lilikotoka suala la mtaro: eneo likisakafiwa lote, mvua ya masika itaingia nyumba zipi? Mhandisi hakuwa ameulizwa hilo na mtu yeyote. Mtaro ukapanuliwa.

Mkitia sahihi ya mahudhurio, kuweni macho. Nimeona kwa macho yangu orodha ya waliohudhuria imeambatishwa kwenye maombi kama ushahidi kwamba wananchi wameridhia mradi. Kuanzia hapo, kila karatasi tuliyopewa tuliandika juu yake kwa kalamu: "Mahudhurio tu, si ridhaa." Muhtasari nao usiandikwe nyumbani kwa mtu. Usomwe palepale kabla watu hawajatawanyika, utiwe sahihi na pande zote mbili, na watu wengi waupige picha kwa simu zao. Ahadi isiyo kwenye muhtasari, hata ikitolewa na diwani akiwa amesimama juu ya kiti, msiihesabu.

Nyumba sasa. Neno "bei nafuu" litatajwa sana, na msikubali lipite bila tarakimu. Nafuu kwa nani? Kwa mwalimu, au kwa muuza samaki wa Temeke anayelipa chumba na sebule? Wapangaji wa pembezoni mwa kiwanda ndio huumia zaidi, kwa sababu hawana hati, dalali anapandisha kodi mara kibao kinaposimikwa, na kwenye mikutano wanaambiwa wao ni wapita njia. Wahesabuni mapema, kaya kwa kaya, majina na miaka waliyokaa, kabla ya tofali la kwanza. Magomeni Kota, zile nyumba za zamani za Dar es Salaam zilizobomolewa zikajengwa upya, hapakuwa kiwanda, lakini pana funzo kwa sisi wote: kaya zilizokuwa na haki ya kurudi zilijulikana kwa idadi, 644, na nyumba zilipozinduliwa Machi 2022 ilikuwa wazi nani anaingia, tena kwa miaka mitano bila kodi. Idadi ile isingekuwepo, nani angewabishia waliotaka kujipenyeza?

Sisi kwenye kodi hatukupata tulichotaka. Tulipata fremu za chini kutengwa kwanza kwa mama lishe na mafundi waliokuwa getini kwa miaka, kwa kodi iliyoandikwa kwenye mkataba, na sehemu ya nyumba kuwa za chumba kimoja badala ya zote kuwa za vyumba vitatu. Mtu wa kipato kidogo akiingia, mwambieni aulize pia gharama za pamoja: lifti, pampu ya maji, taka, mlinzi. Sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inawapa wenye nyumba chama chao cha kusimamia mambo hayo. Wengi wananunua nyumba kwa mkopo wanaoumudu, halafu gharama hizo za pamoja za kila mwezi zinawatoa.

Na jiandaeni kwa mradi kusimama katikati. Kawe, ambako Shirika la Nyumba la Taifa lilipata ardhi kubwa iliyokuwa ya kiwanda cha nyama cha Tanganyika Packers, majengo marefu ya mradi uitwao 711 yalisimama kujengwa 2018 na kukaa hivyo kwa miaka kabla kazi haijarudi. Kwa hiyo kwenye makubaliano yenu andikeni nani atalinda uzio, nani atafukia mashimo na nani atazibua mitaro iwapo fedha zitakata katikati.

Kama kibao kimeshasimikwa mtaani kwenu, barua ya kwanza iandikeni wiki hii. Iende kwa afisa mtendaji wa mtaa, nakala kwa ofisi ya mipangomiji ya manispaa na kwa NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Iombe mambo matatu: nakala ya maombi ya kubadilisha matumizi ya ardhi, jina la mtathmini wa mazingira aliyesajiliwa, na tarehe ya kuchukua sampuli za udongo ili wazee wenu wawepo. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, na hiyo yenye muhuri ikae kwa katibu wa kamati.