Majaji na jina watakaloacha

Je, majivuno na kujali jina huathiri maamuzi ya majaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani? Ndiyo, nao huangalia historia itawaandikaje, ila si kwa kila kesi. Kwenye mgogoro wa kodi au mkataba nani atajijengea jina? Angalia zile kubwa. Mwaka 1992, katika kesi ya Casey kuhusu sheria ya utoaji mimba ya Pennsylvania, Jaji Anthony Kennedy alianza upande wa Jaji Mkuu Rehnquist, kisha akageuka na kuungana na majaji wenzake O'Connor na Souter kulinda kiini cha Roe, hukumu ya mwaka 1973 iliyotambua haki ya kutoa mimba. Si umbea huo, umo kwenye makaratasi ya Jaji Blackmun yaliyofunguliwa kwa umma mwaka 2004. Na hukumu yenyewe ilisema kwamba kuitupa Roe kwa shinikizo kungeivunjia mahakama heshima. Heshima ya mahakama na ya jaji mwenyewe, zitenganishe kama unaweza.

Binafsi naona majivuno yanajitokeza zaidi kwenye kung'ang'ania kiti, maana hawana umri wa lazima wa kustaafu. Jaji Ruth Bader Ginsburg aliombwa na wengi aondoke enzi za Obama, ili rais huyo ateue mrithi wa msimamo kama wake, akakataa. Alifariki Septemba 2020, nafasi ikaenda kwa Amy Coney Barrett, aliyeteuliwa na Trump, na Juni 2022 Barrett akawa mmoja wa watano walioibatilisha Roe.

Ila kugeuza kura peke yake si ushahidi wa majivuno. Wanazungushiana rasimu kabla ya kutoa hukumu, na jaji anaweza kushawishika na hoja tu.