Anahama Harbin kwenda Guangzhou: auze makoti?

SWALI: Kijana wangu yuko China. Mwaka wa kwanza kasoma lugha Harbin, sasa uhandisi anauanzia Guangzhou. Anasema huko kuna joto kama letu, anataka kuuza nguo zote za baridi apate nauli. Roho yangu haitulii. Tena nimemwekea korosho na samaki wakavu. Nitume sasa au akishahama?
Mama mzazi, Mikindani

JIBU: Shikamoo mama. Miji hiyo nimeishi yote miwili.

Lile koti zito auze tu. Harbin usiku wa Januari hupita nyuzi 20 chini ya sifuri, mto Songhua unaganda watu wakapita juu yake kwa miguu. Guangzhou koti hilo halina kazi. Ila sweta, soksi nene na blanketi asiguse! Kaskazini mwa China majengo hupashwa joto kwa mabomba ya maji moto. Chumbani unakaa na fulana, dirisha kwa nje limeota barafu. Kusini utaratibu huo, ulioanza miaka ya 1950, haukufika. Guangzhou ikishuka nyuzi 8, basi ni 8 mpaka kitandani, tena baridi ya majimaji inayoingia mifupani. Mimi nilitetemeka Guangzhou kuliko Harbin, na nikisema hivyo hapa Mtwara watu hucheka.

Kwenye Machi hivi kuta na sakafu hutoka jasho, nguo kabatini zinaota ukungu. Afunge madirisha unyevu wa nje usiingie, kama wafanyavyo wenyeji. Mengine atayamudu, si mtoto wa pwani?

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni karatasi. Akipanga mtaani, ajiandikishe polisi ndani ya saa 24. Akikaa bweni, awaulize chuo siku hiyohiyo aliyofika. Taarifa za kibali chake cha ukaazi zibadilishwe ndani ya siku 10. Vijana hupenda kusema "wiki ijayo". Mpigie simu umkumbushe, hata akinuna.

Mtaani atasikia Kikantoni, lugha ya wenyeji, asiambulie kitu, lakini darasani na dukani Kichina alichosoma kinatosha.

Samaki waache, mama, wale wadogo zake. Sokoni kule kuna magimbi, mapapai na ndizi, hatalala njaa. Korosho subiri apate anwani mpya, kisha utume zilizobanguliwa na kukaangwa. Na ukija mjini kuzituma, pitia ofisini kwetu. Kiganja kimoja kinatosha.