Land Rover Series III, usukani unacheza: ACHA HIYO SKRUBU

Weka bisibisi chini kwanza. Nimesoma swali lako nikiwa na chai mdomoni, nusura nipaliwe. Unasema Land Rover yako ya 109, ile ndefu, unazungusha usukani karibu robo ndipo matairi yanashtuka, fundi kakwambia kaza skrubu ya boksi la usukani nusu mzunguko na kazi imekwisha, na Jumamosi ndiyo unakaza. Nusu mzunguko! Maneno hayo hayo niliambiwa mimi. Ama fundi ni yule yule, ama wamefundishwa chini ya mwembe mmoja.

Yangu ni ya 1976, inalala uani hapa Chumbageni, Tanga. Bodi ya aluminiamu haina neno, ila chesisi chumvi ya bahari imeitafuna kama bisi. Usukani ulikuwa wa ngalawa: unaelekeza, halafu unasubiri majibu. Yule bwana akainua boneti, hakuchungulia hata uvunguni, akalegeza loknati, ile nati inayoizuia skrubu isilegee, akakaza skrubu mpaka mchezo ukaisha. Dakika tano, elfu ishirini. Nikazunguka hadi Raskazone, nikarudi nikamsifu mbele ya watu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko pesa.

Wiki iliyofuata nikapanda milima ya Amani. Kupanda salama. Kushuka kuja Muheza, kona ya kwanza nakata kulia, nauachia usukani urudi wenyewe kama siku zote. Haurudi. Umeganda pale pale na gari linaendelea kula kona. Nikauvuta kwa mikono miwili kama mtu anayevuta ndoo kisimani, ukaachia ghafla ukapitiliza upande wa pili, kwenye bonde. Nilishuka mlima mzima kwa gia namba moja, lori la majani ya chai linanipigia honi mgongoni. Shemeji yenu alinyamaza njia nzima. Wanaomjua wanaelewa hali ilikuwa mbaya kiasi gani.

Boksi lilipofunguliwa ndipo nikapata elimu. Ndani mna skrubu ndefu, na nati inatembea juu yake kwa gololi. Hapo katikati ndipo panapolika zaidi, kwa sababu maisha yake yote gari linakwenda mbele. Ukikaza hadi katikati pasicheze, huko kwenye kona ambako hapajalika chuma kinabana chuma. Gololi zilikuwa zimeshachimba vishimo. La mtumba kutoka Dar lilinitoka laki nne na nusu, nikalisubiri miezi miwili huku napanda baiskeli kama Mtanga halisi.

Na boksi la watu halikuwa na kosa! Mchezo wote ulikuwa kwenye boljointi mbili, vile viungo vya ncha za fimbo za usukani, na rilei, inayopokea mwendo wa boksi na kuupeleka kwenye magurudumu.

Kwa hiyo nisikilize: skrubu ya boksi inaguswa MWISHO. Gari lisimame chini kwa matairi yake, usilipige jeki. Kijana mmoja achezeshe usukani kidogo kidogo kushoto na kulia. Wewe lala uvunguni, shika boljointi moja moja kwa kiganja. Ziko sita. Ile inayochezea mkononi wakati fimbo ya upande wa pili imetulia, huyo ndiye mwizi wako. Kisha itazame rilei, lile pipa lililochomekwa kwenye krosimemba ya mbele, chuma kinachokatiza chesisi: mkono wa juu ukitangulia na wa chini ukachelewa, imekufa. Usiifungue mwenyewe nyumbani, ndani mna springi kali, ikiruka inakutoa meno. Shika na bolti zinazofunga boksi lenyewe, nyingi zimelegea na hakuna anayezitazama.

Vyote hivyo vikiwa vizima na mchezo bado upo, basi haya. Matairi yatazame mbele, chomoa fimbo kwenye mkono wa boksi ili usukani uwe mwepesi, kaza skrubu mpaka iguse tu, funga loknati, kisha zungusha mwanzo hadi mwisho. Ukisikia unabana popote, hata kidogo, legeza. Mchezo mdogo utabaki, uache ubaki, hiyo si Corolla.

Uliuliza pia oili, sijui na kava la usukani. Kava! Ndugu yangu, unataka kuuvisha nguo usukani usioshika njia?

Niandikie inboksi uko barabara ya ngapi Ngamiani. Jumamosi nakuja na godoro la kulalia uvunguni, na hiyo bisibisi naondoka nayo.